Mchanga Nilioupiga kwenye Breki za Papa Silasi

Mwanangu, umeniuliza swali dogo: kwa kutu ya vyuma vya gari, mtu apige mchanga gani? Ulitaka nikujibu kwa neno moja uende zako, maana kompresa yako imeshafika Kamembe na wewe huna subira. Neno hilo ninalo. Lakini kaa kwanza, vuta hilo benchi. Jibu lako liko ndani ya siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa, na sijawahi kuisimulia huku nikimtazama mtu usoni. Hata sasa unaona ninaongea na viatu vyako.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu, mji uliotulea. Kule walituita Wanyarwanda, na tulipovuka mpaka kuja kwetu, wakatuita Wakongo. Mtu wa namna hiyo hutafuta jina kwa mikono yake, na mimi nililitaka upesi. Nilirudi pamoja na rafiki yangu Deo. Sote wawili tulifundishwa kazi na mzee mmoja wa Bukavu, Mzee Bisimwa, mtu mfupi wa kabila la Washi aliyekohoa kila baada ya sentensi mbili. Mimi alinifundisha kusafisha vyuma kwa upepo wa kompresa, na Deo akamfundisha ufundi wa kuvifunga kwenye gari. Gari likija, mimi nasafisha, Deo anafunga. Tulikuwa kama kinu na mchi.

Kikohozi cha Mzee Bisimwa kilitoka kwenye mchanga. Ujanani aliupiga bila kuziba pua, vumbi lake likamkaa kifuani likakataa kutoka. Kwa hiyo sisi alitukataza.

"Batoto," alikuwa akisema, "mchanga inakula chuma, kisha inakula muntu. Musipige."

Chuma kinene kama chasi na rimu alikipiga kwa chupa zilizosagwa, uso wote umefungwa. Chuma chembamba au laini alikipiga kwa maganda ya kokwa za michikichi, yale magumu yanayobaki watu wakishakamua mawese. Aliyasaga, akayachekecha, akayaanika juani mpaka yalie mkononi. Ganda hilo huondoa kutu na rangi ya zamani bila kukwaruza chuma chenyewe. Na palikuwa na mahali pa tatu, ambapo hakuruhusu kupigwa kitu chochote.

"Fasi kintu inateleza ndani ya kintu, hapana piga. Ziba na kipande ya mti, sugua na mkono. Kisha pitisha kucha. Kucha ikikwama, umeharibu, hata kama inang'aa."

Nilikariri maneno hayo kama katekisimu. Kukariri ni jambo moja, mwanangu, na kutii ni jambo lingine.

Papa Silasi wa Gihundwe ndiye aliyetupokea tuliporudi. Alikuwa na pikapu ya zamani, akiteremsha chumvi Bugarama na kupandisha mchele. Alituombea uwanja wa kufanyia kazi kwa jirani yake, akatupeleka kanisani kwake, akatutambulisha mbele ya watu kuwa sisi ni watoto wake. Mtu huyo ndiye aliyeniletea breki zake.

Ilikuwa majira ya mvua, na kule bondeni mpunga ulikuwa umeanza kuvunwa. Aliniletea etriye mbili za mbele. Wewe unazijua, lakini asiye fundi pengine hazijui: ni kile chuma kinachobana diski ili gurudumu lisimame. Ndani yake mna tundu, na ndani ya tundu pistoni inateleza, na katikati yake pana mpira mdogo unaozuia mafuta ya breki yasivuje. Nje zilikuwa zimeliwa na kutu. Ndani ya tundu kulikuwa na kutu kidogo tu, madoa madoa.

"Mwanangu," akaniambia Papa Silasi, "bantu ba mchele banangojea miye. Kesho inawezekana?"

"Kesho asubuhi, Papa," nikajibu. Sikuwa hata nimezigusa.

Nilipokwenda kwenye maganda yangu nikakuta mvua imeingia, yameloa. Ganda lililoloa huziba mdomo wa bomba. Ilinipasa kuyaanika siku mbili, na yale matundu kuyasugua kwa kitambaa na vidole mchana mzima. Na pale pembeni, chini ya bati, palikuwa na mchanga wa mto Rusizi, mkavu, mweupe, ambao jirani aliuweka kwa ajili ya kupiga lipu ukuta wake.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Mtu anayetazama kulia na kushoto ameshajua analotaka kufanya. Nikaujaza mchanga kwenye mashine, nikapiga nje, kutu ikaruka. Kazi iliyokuwa ya siku mbili ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Nikaona raha. Nikaona pia uvivu wa kukata vipande vya mti vya kuzibia matundu, basi nikaingiza mdomo wa bomba mle mle ndani. Matundu yakatoka meupe, hayana doa. Sikupitisha kucha. Nilijua nikiipitisha itaniambia nini.

Deo alikuja kuzichukua azifunge. Akazigeuza kwenye mwanga, akafurahi kwa ajili yangu.

"Eh, ndugu yangu! Ulitumia nini huku ndani?"

"Ndani nilisugua na mkono. Nje ni maganda," nikasema. "Kama Mzee alivyotufundisha."

Hakukagua. Kwa nini akague? Tulikula sahani moja tangu utoto. Akaweka mipira mipya, akafunga, akajaribu, breki zikashika vizuri sana. Papa Silasi akanishika bega akaniita fundi mbele ya madereva wenzake. Nilikuwa nimelitaka neno hilo tangu tulipovuka mpaka, na lilipokuja halikuwa na ladha.

Mpira ukiteleza juu ya chuma kilichokwaruzwa huliwa polepole. Wiki ya tatu, Papa Silasi akiwa anateremka Bugarama na chumvi, kwenye ile mikunjo ya barabara ambapo joto la bondeni linaanza kukupiga usoni, pedali ikazama mpaka chini. Alikuwa peke yake. Mbele yake kulikuwa na akina mama wamebeba ndizi. Akaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima ili asiwaguse. Gari likasimama, lakini mifuko ya chumvi nyuma haikusimama. Ikaja na kila kitu, mguu wake wa kulia ukabanwa chini ya usukani.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia la mkuu, na guu likavunjika la mtu mwingine. Sikuwahi kusikia methali inayozungumzia hilo.

Gari lilipovutwa mpaka kwetu, Deo akafungua etriye. Mpira ulikuwa umechanika. Akakaa chini kwenye mafuta, akaniambia, "Ni miye. Niliubana vibaya wakati wa kuingiza. Angalia weye."

Akanipa ile etriye. Nikaingiza kidole ndani ya tundu, nikapitisha kucha, ikakwama. Nikaipitisha mara ya pili, ikakwama tena. Deo alikuwa ananitazama usoni, anangoja nimwambie kitu.

"Ndiyo," nikasema. "Mpira ulibanwa."

Kama ningetaka kukuficha moja katika haya yote, mwanangu, ningekuficha neno hilo. Mchanga niliupiga kwa uvivu, na uvivu ni ugonjwa wa kila kijana. Lakini neno hilo nililisema nikiwa na akili zangu zote.

Subiri, bado hujasikia aibu yenyewe.

Unajua desturi yetu. Mtu aliyekosa haendi kuomba msamaha peke yake. Hutafuta mtu wa kumsemea, mwenye heshima na ulimi mzuri, naye mkosaji huketi kimya ameinama. Papa Silasi alipotoka hospitali, mguu umekauka kama fimbo, Deo alikuja kwangu akaniambia, "Ndugu yangu, sina mwingine. Uwe mdomo yangu."

Nikakubali. Nisingekubali, watu wangeuliza sababu.

Tukaenda Gihundwe Jumapili baada ya ibada, na kreti ya fanta, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa. Sebule ilijaa. Deo akapiga magoti karibu na mlango. Mimi nikasimama, nikasema. Mwanangu, nilisema vizuri! Nilieleza jinsi mkono wa fundi unavyoweza kuteleza, jinsi kijana huyu asivyolala, jinsi Mungu asivyoudharau moyo uliopondeka. Niliomba msamaha wa kosa langu kwa jina la Deo, machozi yakanitoka, na machozi yalikuwa ya kweli. Mama mmoja akalia kwa sauti. Papa Silasi akanyoosha mkono akamwambia Deo, "Nimekusamehe, mwanangu." Mchungaji akaomba. Wote wakaitikia amina, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

Tulipotoka, watu walinipa mikono. Walisema Deo ana bahati kuwa na rafiki kama mimi.

Deo hakufunga tena hata parafujo moja. Si kwamba watu walimfukuza, ingawa madereva walianza kupeleka magari kwingine. Yeye mwenyewe aliiogopa mikono yake. Akahamia Bugarama, akabeba magunia kwenye kinu cha mpunga. Mimi nikabaki Kamembe, nikapata wateja, nikaoa, nikazaa. Kila Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, Papa Silasi alikuja na fimbo yake, ingawa aliruhusiwa kubaki nyumbani, akakaa juu ya jiwe akitugawia maji. Alikuwa akinipa mimi kwanza. Niliyanywa. Miaka tisa niliyanywa, na hata siku moja sikupaliwa.

Mwaka wa kumi nikaitwa na kinu kimoja cha Bugarama, nikasafishe vyuma vilivyoliwa na kutu. Nilipofika, mashine kubwa ilikuwa imekwama, mkanda umetoka, wakulima wamesimama juani na magunia yao. Fundi wao hayupo. Nikamwona Deo katikati ya wabebaji, nywele nyeupe kwa vumbi la pumba. Nilijua kwamba mkanda ule angeurudisha huku anakula muhogo. Msimamizi alipouliza kama kuna mtu anayejua mashine, Deo akaingiza mikono yake mifukoni. Akasogea nyuma ya wenzake, kama mtoto asiyetaka kuulizwa darasani.

Nilikuwa nimezoea kuuona mguu wa Papa Silasi. Mikono ya Deo sikuwa nimeiona kwa miaka yote hiyo.

Nikamvuta nyuma ya lundo la pumba. Nikamwambia, "Deo, haikuwa mpira. Nilipiga mchanga. Nilipiga mpaka ndani ya tundu. Kucha yangu ilikwama, na wewe unanitazama, nikakuambia mpira ulibanwa."

Hakunipiga. Nilitamani anipige. Kule mbele wakulima walikuwa wakigombana. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei asiyoiamini:

"Kumbe niliiweka muzuri?"

"Uliiweka vizuri."

"Mpira yote mbili?"

"Yote miwili, Deo."

Akaitoa mikono mifukoni akaitazama, upande huu na upande ule. Kisha akaniacha pale, akaenda kwenye mashine, akaomba spana. Mwanzo alifanya polepole, baadaye mikono ikakumbuka kazi. Mashine ilipowaka, wakulima wakapiga makofi. Yeye hakugeuka, na mimi niliketi kwenye pumba nikalia mpaka kamasi, mtu mzima mwenye watoto.

Jioni aliniambia maneno machache tu. "Kesho tunaenda kwa Papa Silasi. Weye na miye. Nitakuwa mdomo yako."

Hebu fikiri. Mtu niliyemzika akiwa hai, anajitolea kunisemea.

Tulimkuta Papa Silasi barazani, anachambua maharagwe na mkewe. Nilipiga magoti mlangoni, pale pale alipopiga Deo. Deo akasimama, akavua kofia, akaanza, "Papa, ile siku tulikuleteaka kosa yenye jina ya uongo..."

Papa Silasi akainua fimbo kumnyamazisha. Alikuwa ananitazama mimi.

"Hapana," akasema. "Huyu anajua kusema. Nilimusikia siku ile, alisema muzuri kabisa. Mwache aseme yeye mwenyewe."

Na mimi, mwanangu, niliyeliza sebule nzima, nilipata maneno machache tu. Nilisema: "Papa, ni mimi. Nilipiga mchanga. Nilikuwa na haraka. Kosa nilimwachia Deo." Basi. Ndivyo kosa langu lilivyokuwa fupi lilipofika kwa mwenyewe.

Aliirudisha fimbo chini. Mkewe aliingia ndani, na nikasikia anavyolia jikoni. Kisha yule mzee akamgeukia Deo, siyo mimi.

"Deo, uniachilie. Nilikusamehe mbele ya bantu, na hukuwa na kosa. Kila fasi nilikuona, nilijiona miye muntu wa Mungu. Kumbe nilikuwa nakukanyaga."

Wakashikana mikono, wanalia wawili wao. Mimi bado niko magotini, hakuna anayeniambia simama. Baadaye Papa Silasi akasema, "Weye, nimekusikia. Rudi kwako." Si zaidi ya hapo. Hakusema amesamehe, na sikuwa na uso wa kumwomba zaidi.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikayarudia yale yale, kwa ufupi ule ule. Wapo wasionisalimu mpaka leo, na sina neno nao. Wanyarwanda husema ukweli hupita motoni usiungue. Ni kweli, lakini aliyeushika huungua vidole.

Nikangoja. Mvua zikaja zikapita. Kwenye umuganda Papa Silasi aligawa maji, akinifikia anampa kikombe mwenzangu anipitishie. Ilikuwa haki yake.

Kisha asubuhi moja Deo alikuja kwangu kutoka Bugarama, ameshika mfuko wa plastiki mzito. Akautua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na etriye mbili, zimeliwa na kutu.

"Ni ya gari ya mkwe ya Papa Silasi," akasema. "Ile inayobeba bajukuu yake shuleni. Amesema, weye usafishe, miye nifunge."

Nilikaa chini. Nilimuuliza, "Hakusema kitu kingine?"

"Amesema usikimbie."

Nilianika maganda siku tatu. Nilikata vipande vya mti, nikaziba matundu. Ndani nilisugua kwa kidole na kitambaa mpaka ngozi ikachubuka. Nilipitisha kucha, nikapitisha tena, nikamwita mke wangu naye apitishe ya kwake. Kisha nikampa Deo, na nikamwambia, "Kagua." Akakagua, taratibu, kila pembe, huku mimi nimesimama. Na tangu siku hiyo hupokea kazi yangu hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoniamini, kwa hiyo sikasiriki.

Sasa chukua jibu lako. Mchanga wa mto na wa ziwa uwaachie waashi, maana vumbi lake lilimuua Mzee Bisimwa polepole, nasi tukiona. Chuma kinene kipige kwa chupa zilizosagwa, umefunga pua na macho. Chembamba na laini, maganda ya mchikichi, makavu. Mahali panapoteleza, ziba, tumia mkono wako, na kama huna muda, mwambie mwenye gari kwamba huna muda. Atanung'unika, na kunung'unika hakuvunji mguu. Ukikosea, na utakosea, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajaanza kuitilia shaka mikono yake. Na usikubali kamwe kumsemea mtu msamaha wa kosa unalojua ni lako, hata kama una ulimi mtamu kiasi gani.

Inama hapa nikuwekee mkono. Mungu akupe kazi na akupe muda wa kuifanya. Akupe rafiki anayekagua. Siku utakayoulizwa "ulitumia nini huku ndani?", akufungue kinywa useme ulichotumia. Na wanaoshuka Bugarama kwa breki ulizozisafisha wewe wafike chini, wateremke, wasijue hata jina lako. Haya, nenda ukafungue kompresa yako. Maganda ya kuanzia yako nyuma ya nyumba, Deo ameyaanika tangu jana.